Saa za Mlima, Saa za Mbwa

Saa kumi na mbili asubuhi, katika vihamba vya Marangu, mbwa wa ulinzi ndiyo kwanza anamaliza zamu. Amezunguka usiku kucha kati ya migomba na mibuni, amebweka mara mbili tatu kwa sababu anazozijua mwenyewe, na sasa amesimama mlangoni pa jiko huku tumbo na miguu vikichuruzika umande. Juu yake kilele cha Kibo kinaonekana chote, cheupe, kama kitu cha kunyoosha mkono na kukigusa. Mwenye nyumba anatoka, anamrushia kipande cha ugali uliolala, anamfunga mnyororo chini ya mparachichi, kisha anakwenda kukamua ng'ombe. Mpaka hapo hakuna kosa kubwa. Kosa linakuja baadaye, mlima unapogeuka na mbwa akabaki palepale alipofungwa.

Mbwa aliye huru hujitafutia. Baridi ikiuma huota jua ukutani, mvua ikianza hujikunyata chini ya ghala, joto likizidi huchimba shimo kwenye udongo mbichi wa migombani akalala humo. Aliyefungwa hana uchaguzi huo. Hali ya hewa yake ni ile aliyochaguliwa na mwenye mnyororo, kwa hiyo mwenye mnyororo ndiye anayepaswa kuzijua saa za mlima. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yake, hasa yule wa miteremko ya Kilimanjaro kuanzia Moshi mjini hadi vijiji vinavyopakana na msitu, ingawa mfugaji wa Lushoto, Rungwe au Limuru atakuta mengi yanayofanana na ya kwake.

Ratiba ya mlima

Jua likichomoza, mteremko hupata moto upesi kuliko hewa iliyo mbali nao. Hewa iliyougusa mteremko nayo hupata joto, ikawa nyepesi, ikaanza kupanda kufuata mabonde. Kadiri inavyopanda inapoa, na mvuke ilioubeba unageuka wingu. Ndiyo maana Kibo huonekana alfajiri na mapema asubuhi, na ikifika saa nne hivi mkanda wa mawingu unakuwa umeshajifunga juu ya msitu. Mchana mkanda huo unapanda na kunenepa. Saa nane au saa tisa manyunyu yanaanza, mara nyingine mvua yenyewe. Jioni mteremko unapoa, mawingu yanashuka au kutawanyika, na usiku kinyume chake kinatokea: hewa iliyopoa, sasa nzito, inateremka kama maji na kujikusanya mabondeni. Saa ya baridi kali kuliko zote ni ile ya kabla tu ya kucha, saa ambayo mbwa wa ulinzi yuko nje.

Joto nalo lina ngazi zake. Kwa wastani hewa hupoteza nyuzi 6 hadi 6.5 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Moshi mjini, ambako ni chini kidogo ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, kukiwa na nyuzi 30, kwenye lango la Marangu, mita 1,870 hivi, kuna nyuzi 24 au pungufu. Mvua inapishana zaidi ya hapo: mji wa Moshi hupata chini ya milimita 1,000 kwa mwaka, ilhali mkanda wa msitu upande wa kusini hupita milimita 2,000. Mtu akipanda daladala na mbwa wake kutoka mjini kwenda kuwasalimu wazee, amebadilisha tabianchi kabla kiti hakijapata joto.

Kisha kuna majira. Masika, Machi hadi Mei, yanajulikana na kila mtu na hayana hila: mvua ni mvua. Vuli, kati ya Oktoba na Desemba, huja na radi. Januari na Februari ni jua kali. Kipindi kinachowadanganya wafugaji ni kipupwe, Juni hadi Agosti, upepo wa kusi unapoleta unyevu wa bahari na kuulundika kwenye mteremko wa kusini. Mawingu ya chini hukaa siku kadhaa mfululizo, na ajabu yake ni kwamba juu yake, kule Horombo kwenye mita 3,720, wapanda mlima wanaota jua. Chini ya blanketi hilo mvua kubwa hainyeshi. Ni ukungu, rasharasha na ubichi usiokauka. Nguo hushinda kambani na jioni zikaanuliwa bado mbichi, na hicho ndicho kipimo kizuri kuliko vyote: kama shati la pamba halijakauka kwa siku mbili, manyoya ya mbwa anayelala nje nayo hayajakauka.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa kila siku, wa msimu, na tahadhari za mvua kubwa na upepo. Usikilize, hasa tahadhari. Lakini kumbuka kwamba utabiri wa mkoa wa Kilimanjaro unawasemea kwa pumzi moja mtu wa Same kwenye tambarare kavu na mtu wa Kibosho anayeanika kahawa huku akichungulia mawingu. Rombo, upande wa mashariki, na Siha, upande wa magharibi, wana mambo yao. Chukua utabiri kama barua iliyoandikiwa ukoo mzima, halafu toka nje utazame mlima.

Na mbwa mwenyewe, si mtabiri? Wapo wanaoapa kwamba wa kwao anajua mvua ya kesho. Ukweli ni mdogo kuliko hapo, ila una faida: mbwa anasikia ngurumo ya mbali ambayo sikio la mtu halijaipata. Akiacha mfupa ghafla na kujipenyeza chini ya ghala wakati anga bado ni jeupe, anua nguo. Kuhusu kesho, hajui zaidi yako.

Tatizo ni maji

Wafugaji wengi wa mlimani huogopa baridi. Baridi kavu, kwa mbwa mzima aliyeshiba, si adui mkubwa. Mwaka 1962 msafiri Mwingereza Wilfred Thesiger na wenzake walikutana na mbwa mwitu watano juu kabisa ya Kibo, karibu na kilele cha mita 5,895, wakitembea kwenye barafu kana kwamba wako kwao. Hakuna aliyejua walifuata nini huko. Kisa hicho kisimpe mtu kisingizio, kwa sababu mbwa mwitu ni jamii nyingine kabisa, tena wale walikuwa wakitembea, hakuna aliyewafunga. Walau kinaonyesha kwamba nyuzi peke yake hazimalizi hadithi.

Kinachomaliza mbwa ni maji yakichanganyika na upepo. Manyoya hukinga baridi kwa kushika hewa katikati yake. Yakilowa, hewa hiyo hutoka na maji kuchukua nafasi, na maji hunyonya joto la mwili zaidi ya mara 20 kuliko hewa tulivu. Mwili wa mbwa kwa kawaida una nyuzi 38 hadi 39.2. Mbwa wa kienyeji, mwenye manyoya mafupi ya tabaka moja, hulowa upesi na hukauka upesi. Wale wa mbegu ya Kijerumani wenye manyoya ya tabaka mbili huvumilia baridi vizuri zaidi, lakini tabaka la ndani likishalowa hukaa na unyevu kutwa nzima, ngozi ikavimba, ikatoa majimaji na kunuka. Anayewafuga mlimani kwa sababu ya sura yao ajue kwamba amejiongezea kazi ya taulo kila asubuhi.

Kazi yenyewe ni ya dakika tano. Chukua taulo kuukuu au fulana za pamba zilizochakaa, uanze na tumbo, kwapa, mapaja kwa ndani, kisha katikati ya vidole. Mgongo uache mwisho. Mbwa ameshajikung'uta, mgongo unakaribia kukauka wenyewe, na kuupangusa huo tu ni kazi ya kuonekana na majirani. Tumboni ndiko umande unakoingia, kwa sababu mbwa hupita kwenye majani marefu kama mtu anayevuka mto. Ukimaliza, mfunge penye jua la asubuhi. Saa moja hadi saa nne ndizo saa za jua la uhakika. Ukizipoteza kwa kumfunga chini ya mparachichi wenye kivuli kizito, mawingu yatakapofika bado atakuwa mbichi.

Mbwa anayetetemeka bado anapigana. Wa kuogopa ni yule aliyelowa, alikuwa akitetemeka, kisha ameacha bila kukauka, ufizi umepauka na anatembea kama mlevi. Huyo mwingize ndani upesi, mkaushe, mfunike kwa blanketi, umwekee chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa kitambaa karibu na kifua na mapaja. Akiweza kumeza mwenyewe, mpe uji wa vuguvugu. Usimlaze kando ya mafiga, kwani ngozi iliyokufa ganzi huungua bila yeye kujua. Usifunge naye mlango kwenye chumba chenye jiko la mkaa, maana kaboni monoksaidi haina harufu na haichagui kati ya mbwa na mtu. Mbege isimkaribie: pombe hutanua mishipa ya ngozi, na joto lililobaki linatoka. Akiwa bado mlegevu baada ya nusu saa, mpigie simu daktari wa mifugo.

Chakula kihamie jioni. Familia nyingi humpa mbwa makombo asubuhi, anapokwenda kulala, na usiku wa baridi unamkuta na tumbo tupu. Ugali laini au uji mzito wenye dagaa, wa vuguvugu, saa moja kabla hajafunguliwa, unamfaa zaidi, na kuanzia Juni mwongezee. Pitisha vidole ubavuni: mbavu zihisike bila kuonekana. Asubuhi inayofuata usiku wa upepo, okota maparachichi yaliyoanguka kabla yeye hajayaokota. Nyama ya tunda haimdhuru sana, lakini kokwa lake likimezwa huziba utumbo na kumpeleka kwenye kisu. Buni zilizoanguka nazo zina kafeini, ambayo mwili wa mbwa hauimudu.

Banda

Banda zuri la mlimani ni dogo. Mbwa aweze kusimama, kugeuka na kujikunja, basi. Nafasi ikizidi, joto la mwili wake halitoshi kuipasha. Mabanzi kutoka kiwanda cha mbao ni rahisi na yanatosha kwa kuta. Sakafu iinuliwe sentimita 15 hadi 20 juu ya mawe au matofali, maji ya mvua yapite chini. Bati lisiachwe wazi kwa ndani: mchana linamchoma, usiku pumzi yake inagusa bati baridi, inageuka matone na kumnyeshea humohumo bandani. Tandika mabanzi au makuti ya migomba chini ya bati na tatizo linaisha.

Jambo ambalo hata mafundi hulisahau ni mlango. Mchana upepo wa mlimani hupanda, usiku hushuka. Mlango ukitazama bonde, manyunyu ya alasiri yanaingia. Ukitazama kilele, baridi ya usiku inaingia. Basi utazame ubavuni, kwa mshazari wa mteremko, upande ambao mvua za eneo lako haziji nao. Kwenye mteremko wa kusini, ambako kusi hupiga kutoka kusini-mashariki, upande huo mara nyingi ni wa magharibi.

Kwa matandiko hakuna kilicho bora kuliko majani makavu ya mgomba, nayo hayanunuliwi. Gunia hushika maji na viroboto hulipenda. Majani yabadilishwe kila wiki, na katikati ya wiki pitisha kiganja chini yake: kikitoka na ubaridi wa unyevu, usingoje Jumamosi.

Mnyororo

Hapa ndipo mwandishi wa mwongozo huu hana upole. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama kumwepusha na mateso yasiyo ya lazima, na mnyororo wa mita moja unaotoka kwenye shina la mti hadi shingoni, kutwa, mlimani, ni vigumu kuuita kitu kingine.

Fikiria siafu. Mvua za kwanza zinapolowesha ardhi, misafara yao hutoka na kupita popote, jikoni, bandani kwa kuku, kitandani kwa mtoto. Mtu anaruka, ng'ombe anapiga mateke mpaka wenyewe wanakuja kumfungulia. Mbwa aliyefungwa anabweka, na kwa kuwa kazi yake ni kubweka, watu wanajigeuza upande wa pili wakaendelea kulala. Mlio wake ni tofauti, mkali, wa kukatika-katika, akijing'ata miguu. Ukiusikia usiku wa mvua, toka na taa uangalie chini. Majivu mengi makavu kuzunguka banda huwageuza siafu kwa muda. Yakilowa hayafai tena.

Fikiria radi pia. Mti mrefu uliosimama peke yake, mgrivea au mkaratusi, ndio mahali pabaya kuliko pote, na mnyororo wa chuma unamshikilia mbwa hapohapo. Ukiona mmweko, hesabu sekunde mpaka ngurumo ifike, ugawanye kwa 3. Jibu ni kilomita. Hesabu ikiwa chini ya 30, radi iko ndani ya kilomita 10 na inaweza kukufikia kwa pigo linalofuata. Kwa hiyo mbwa afunguliwe mapema, mawingu yakianza kuwa meusi kwa chini, na si mvua ikishaanza, maana hapo wewe mwenyewe hupaswi kuwa chini ya mti huo. Mkae ndani mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Mbwa wengi huingiwa na hofu isiyo na mfano. Hukata kamba na kukimbia bila kutazama nyuma, wakaonekana siku ya tatu kijiji kingine. Kumfungia chumbani au stoo ya mahindi hakumharibii ulinzi, kwani mwizi naye anaogopa radi.

Kwenye vijiji vya juu kabisa, vinavyotazamana na msitu, liko la tatu. Watalii wamekua na hadithi ya chui aliyeganda, ambaye mchungaji Richard Reusch alimkuta karibu na ukingo wa kreta katika miaka ya 1920. Chui wa msituni walio hai hawahitaji hadithi. Mbwa ni windo lao la kawaida popote makazi yanapokaribia msitu, na usiku wa ukungu mzito, harufu inapokaa chini na macho hayaoni, ndio usiku wao. Huko mbwa alale kwenye banda lenye mlango unaofungwa, abweke akiwa ndani.

Kama ni lazima umfunge mchana, vuta waya imara kati ya nguzo mbili, mita nane au kumi, upitishe pete, na mnyororo ushike kwenye pete. Mwisho mmoja wa waya uwe penye jua, mwingine ufike mlangoni pa banda, na katikati pasiwe na mti wa kumzungusha mpaka ajinyonge. Kazi yake ni ndogo, na mbwa anakuwa amerudishiwa uchaguzi wake: jua au kivuli, mvua au bati.

Kutoka naye

Matembezi na mbwa hayakuwa desturi kubwa Uchagani. Mbwa alikuwa mlinzi, na mlinzi hutembea kwa sababu. Siku hizi vijana wanakimbia naye asubuhi, wapo wanaokwenda naye shambani tambarare, na hilo ni jema. Saa yake ni kumi na mbili hadi tatu asubuhi. Alasiri mlima haubishi hodi.

Kivuko cha mto ndicho kinachohitaji akili. Weruweru, Karanga, Himo na vijito vyao vyote vinanyeshewa juu, msituni, si pale unaposimama. Unaweza kuwa kwenye jua, mawe makavu miguuni, na ukuta wa maji unateremka. Tazama dalili nne: maji safi yanageuka rangi ya chai ya maziwa, majani na vijiti vinaanza kupita kwa wingi, sauti inakuwa nzito, na mawe uliyoyatumia kuvuka asubuhi yamefunikwa. Moja tu kati ya hizo inatosha kukuzungusha mpaka darajani. Ukivuka na mbwa, kamba ishike mkononi, usiiviringe kwenye kiwiko wala kifundo, ili akichukuliwa usichukuliwe naye. Mbwa huogelea na mara nyingi hutoka mita mia chini. Mtu aliyeruka kumfuata hana bahati hiyo.

Ukungu ukishuka barabarani, tembea upande wa kulia ili bodaboda zinazokuja uzione, mbwa akiwa upande wa majani. Mfunge shingoni utepe mweupe au ule unaong'aa kwa taa, na kengele ndogo ya mbuzi kama hutumii kamba. Mbwa wa rangi ya kahawia kwenye ukungu wa Old Moshi saa kumi na mbili jioni haonekani mpaka tairi limfikie.

Joto ni la wale wanaoshuka. Mbwa aliyekulia mita 1,600, akiteremshwa Moshi mwezi Februari, amevaa koti asiloweza kulivua. Hatoki jasho ila kwenye nyayo, na kupumua kwa kuhema ndiyo feni yake pekee. Weka mgongo wa mkono wako kwenye lami kwa sekunde saba. Ukishindwa, naye nyayo zake zitashindwa. Usimwache ndani ya gari lililofungwa wakati ukinunua kitu Kiborloni, hata kama ni dakika chache. Akihema bila kupumzika, ufizi ukawa mwekundu sana na akaanza kupepesuka, mmwagie maji ya kawaida tumboni na miguuni, mpepee, umkimbize kwa daktari.

Usimpeleke kupanda mlima. Mbwa haruhusiwi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, ambayo tangu mwaka 2005 inajumuisha na msitu, na sababu si ukali wa askari. Mwaka 1994 virusi vya distempa, ugonjwa wa mbwa wa nyumbani, viliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti. Mbwa mmoja mgonjwa kwenye njia ya msituni anaweza kuacha kitu ambacho hakionekani.

Baada ya mvua

Wiki mbili baada ya mvua kuanza, nyasi zimerefuka na kupe wamepanda juu ya ncha zake wakisubiri. Kila mbwa akirudi, mkague chini ya masikio, chini ya mkanda wa shingo, kati ya vidole, kwapani na shinani mwa mkia. Mng'oe kupe kwa kibano, ukimshika karibu kabisa na ngozi na kuvuta wima bila kumsokota. Mafuta ya taa na kijinga cha moto humfanya kupe atapike ndani ya jeraha kabla hajaachia. Dawa ya josho la ng'ombe isitumike kwa mbwa kwa kukisia. Kipimo chake ni tofauti, naye hujilamba. Ufizi mweupe, homa na mkojo wa rangi ya kahawia nzito ni dalili za ugonjwa wa damu unaoletwa na kupe, na huo hausubiri wiki ijayo.

Maji yaliyosimama kwenye mifongo, ile mifereji ya mashambani, iliyoziba hubeba mkojo wa panya, na ndani yake homa ya mgunda, ile iliyotajwa sana mwaka 2022 ilipozuka Ruangwa, Lindi. Humpata mbwa na humpata mtu. Mwekee ndoo ya maji safi ili asiwe na haja ya kunywa mferejini.

Kichaa cha mbwa hakina msimu, lakini mlimani msimu unakisaidia: mbwa waliokimbia radi huchanganyikana, wanapigana, na mwenye virusi hang'ati mmoja. Mtu akishaonyesha dalili, karibu kila mara hufa. Chanjo huanza mbwa akiwa na miezi mitatu na hurudiwa kila mwaka. Akikung'ata wa kwako au wa jirani, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 kamili, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni mkwaruzo.

Chanjo za halmashauri mara nyingi hupangwa karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Muulize afisa mifugo wa kata mapema. Siku yenyewe nenda kukiwa bado kweupe mlimani, kabla ya saa nne, kwa sababu mbwa hamsini wanaosubiri kwenye manyunyu hukosa adabu. Mshike kwa kamba fupi, na watoto wake wabebwe kapuni. Kadi utakayopewa itie kwenye kopo lenye mfuniko mzuri. Katika nyumba za huku mwezi wa Julai, hata karatasi iliyofungiwa kabatini hulegea kwa unyevu, na wino wa tarehe ndio wa kwanza kuondoka.